Unataka kuchoma msitu wako Florida kihalali? Soma hapa kabla hujagusa kiberiti

Kila ikifika Desemba maswali ni yale yale. Mtu kanunua ekari zake kaskazini mwa Florida, tuseme kaunti ya Levy au Suwannee huko, misonobari imesimama vizuri ila chini kumefunga kabisa, majani makavu hadi kwenye goti, majirani wa miaka mingi wote wanachoma kila baada ya miaka kadhaa, yeye anaangalia tu. Halafu anauliza: naruhusiwa? Kibali kinalipiwa? Moto ukivuka kwa jirani nafungwa? Na kuna wale wanaosema mbona nyumbani tulikuwa tunachoma shamba kabla ya mvua bila kumuuliza mtu. Sawa ndugu, ila hapa sio nyumbani, hapa kuna sheria na sheria yenyewe kwa kweli iko upande wako, mradi uifuate kwa mpangilio wake.

Sheria tunayoizungumzia ni ile ya mwaka 1990, Florida Prescribed Burning Act, kwenye vitabu vya jimbo utaikuta kifungu cha 590.125. Inasema uchomaji wa kupangwa ni haki ya mwenye ardhi na una manufaa kwa umma. Mwaka 1998 Florida iliungua vibaya sana, karibu ekari nusu milioni, kaunti nzima ya Flagler ikaambiwa ihame, na mwaka uliofuata wabunge wakaongeza kinga: ukichoma kwa utaratibu wa cheti, yaani chini ya msimamizi mwenye cheti, hudaiwi fidia ya moto wala moshi mpaka aliyekushtaki athibitishe ulifanya uzembe MKUBWA. Sio uzembe wa kawaida. Hiyo tofauti ndo kila kitu humu ndani, kwahiyo ishike.

Nadharia yangu inaishia hapa: misonobari ya kule imeishi na moto wa radi tangu zamani, ukizuia moto miaka mingi majani na vichaka vinajazana, halafu siku moto unakuja wenyewe mwezi wa tano kuna ukame, hauzimiki. Unachoma kidogo kidogo wakati wa baridi ili usichomwe chote wakati wa kiangazi. Basi.

Huu mwongozo SIO wa takataka za uani

Tulimalize hili kwanza maana ndo linachanganya watu. Rundo la majani na matawi ya uani kwako, likiwa na kipenyo chini ya futi 8, halihitaji kibali cha jimbo, ila lazima liwe futi 25 kutoka kwenye nyumba yako, futi 25 kutoka msituni au kwenye vichaka, futi 50 kutoka barabara ya lami ya umma, futi 150 kutoka nyumba ya mtu mwingine. Unawasha kuanzia saa 3 asubuhi (saa 2 kwa wale wa upande wa Pensacola wenye saa za Central) na liwe limezimika saa moja kabla ya jua kuzama. Kaunti na miji mingine wamekataza kabisa kwahiyo piga simu kwanza. Na plastiki, matairi, mbao zenye dawa, taka za jikoni, hapana, hata kama ni kidogo.

Kinachofuata ni cha kuchoma ardhi yenyewe, moto unaotembea chini ya miti.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Hati ya ardhi, au barua ya mwenye ardhi kama wewe unakodi. Sheria inataka ridhaa ya mwenye ardhi.
- Ramani ya eneo yenye mipaka, barabara, nyumba, nguzo za umeme. Picha ya satelaiti inatosha, chapisha kwenye karatasi.
- Msimamizi wa uchomaji mwenye cheti cha Florida Forest Service, yaani idara ya misitu ya jimbo. Wewe mwenyewe au wa kukodi, tutafika huko.
- Watu wa kutosha. Sheria haitaji namba, inasema "wa kutosha", na hilo neno litatafsiriwa na wakili wa jirani siku mambo yakiharibika, kwahiyo zidisha.
- Maji: tangi lenye pampu juu ya pikapu au ATV (pikipiki ya magurudumu manne), na pampu za mgongoni.
- Reki za chuma, majembe, mashine ya kupuliza majani, na msumeno wa mnyororo.
- Tochi ya kudondosha mafuta. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 3 za dizeli kwa 1 ya petroli. Petroli tupu usijaribu, italipuka mkononi.
- Nguo za Nomex (kitambaa kisichoshika moto kirahisi), zikikosekana kabisa basi pamba nzito. Poliesta inayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Viatu vya ngozi, glavu za ngozi, miwani, kofia ngumu.
- Redio za mkononi, maana simu porini mtandao unakata.
- Namba za simu za majirani wote, zima moto wa kaunti na sherifu.

Hatua

1. Piga simu kwa afisa misitu wa kaunti yako

Florida Forest Service wana afisa misitu kwa kila kaunti, ushauri wake ni bure. Mwambie aje atembee na wewe. Atakuonyesha vitu ambavyo huvioni: wapi kuna tope la mimea iliyooza linaloungua chini kwa chini wiki nzima, wapi palmetto imekuwa nzito mno. Palmetto, kwa ambao hawajaiona, ni kama miyaa yetu ya pwani, makuti mafupi yenye umbo la kipepeo cha kupepea moto, yaliyojaa nta, ikishika inapasuka-pasuka na mwali unapanda ghafla hadi kwenye matawi. Usiichukulie poa kwa sababu ni fupi.

Muulize pia kuhusu hela. Kuna programu ya shirikisho inaitwa EQIP ya NRCS, ofisi ya hifadhi ya ardhi ya wizara ya kilimo, inayochangia gharama za uchomaji kwenye ardhi binafsi, ila unaomba KABLA ya kuchoma, ukishachoma ndo unaomba, umekosa.

2. Chagua: na cheti au bila cheti

Hapa ndo watu wengi wanaposoma haraka na kupitwa.

Bila cheti unaruhusiwa kuchoma, ndiyo. Unahitaji kibali cha siku hiyo, hali ya hewa isiyoweza kuusukuma moto nje, ridhaa ya mwenye ardhi, njia za kuzuia moto, watu na vifaa vya kutosha, moto ubaki ndani ya mipaka, na wewe uwepo mpaka uzimike. Lakini ile kinga ya uzembe mkubwa huna. Moto ukitoka, jirani anathibitisha uzembe wa kawaida tu na umelipa. Ukikiuka masharti ni kosa la jinai kabisa, na kwa sisi ambao wengine bado makaratasi ya uhamiaji yako mezani kwa watu, kesi ya jinai ya aina yoyote hutaki hata kuisikia.

Ukiwa na cheti, yaani msimamizi mwenye cheti yuko pale, kuna mpango wa maandishi, kibali kimetoka, njia za kuzuia moto zipo, hapo kinga inakuhusu wewe mwenye ardhi pamoja na yeye. Sio lazima cheti kiwe chako. Hili naulizwa sana: NDIYO, ukimkodi msimamizi, kinga inamfikia mwenye ardhi. Inahusu hata moto uliokuwa umedhibitiwa ukawaka tena kutoka kwenye kisiki kinachofuka, na inahusu moshi.

Maoni yangu: mara ya kwanza mkodi mtu. Halafu kama una ekari nyingi nenda kasome kozi mwenyewe, ukishamaliza kozi unachoma chini ya usimamizi wa mwenye cheti ndo unapewa namba yako ya cheti, na cheti kinahuishwa kila miaka 5. Kupata mtu wa kumkodi muulize yule yule afisa misitu, wana orodha ya wakandarasi.

3. Andika mpango wa uchomaji

Mpango lazima uwe umekamilika kabla ya kuomba kibali, na nakala yake iwe mkononi mwa msimamizi pale pale kwenye moto. Sio kwenye imeili. Sio ofisini. Mkononi.

Ndani yake kuna: maelezo ya eneo na ramani, lengo la kuchoma, idadi ya watu na vifaa, aina ya moto na namna utakavyowashwa, urefu wa miali unaotarajiwa, tarehe na muda, tathmini ya moshi utaenda wapi, sahihi ya msimamizi na namba ya cheti chake. Halafu hali ya hewa unayoitaka, na hapa usiandike "hali nzuri", andika namba. Kwa moto wa kawaida wa kipindi cha baridi chini ya misonobari kusini mwa Marekani, watu wanatafuta unyevu wa hewa kati ya asilimia 30 na 55, joto chini ya nyuzi 60 za Fahrenheit, upepo usiobadilika mwelekeo. Unaandika kiwango cha chini na cha juu. Siku yenyewe ikiwa nje ya hivyo viwango, huchomi, hata kama watu wote wameshafika na chai imeshanywewa.

Kwanini nasisitiza? Kwa sababu huu mpango ndo ushahidi wako. Mtu akija kudai ulifanya uzembe mkubwa, unamwekea mezani karatasi inayoonyesha ulisema utachoma kwa unyevu wa 35 hadi 50 na ulipima 42 saa 5 asubuhi. Lakini ukiandika 35 halafu ukachoma kwenye 22, umejiandikia hati ya mashtaka mwenyewe.

4. Tengeneza njia za kuzuia moto

Mzunguko mzima wa eneo ukwatuliwe mpaka udongo mtupu uonekane. Kulima kwa trekta la haro ni rahisi zaidi, na Florida Forest Service wenyewe wanakulimia kwa malipo ukiweka oda mapema. Barabara, mto, shamba lililolimwa, vyote vinaweza kutumika kama upande mmoja. Tembea mzunguko wote kwa miguu siku moja kabla: tawi moja kavu lililolala kuvuka njia ni daraja la moto. Mti mkavu uliosimama karibu na mpaka uangushe au ukwatue kuuzunguka, huo ndo unaorusha cheche upande wa pili.

Na ile misonobari mikubwa ya zamani, kama eneo halijaungua miaka mingi, chini yake kuna rundo la magome na sindano (yale majani membamba ya msonobari) zilizooza. Zikifuka taratibu zinaua mizizi na mti unakufa miezi kadhaa baadaye wakati wewe umeshasahau. Kwatua kuzunguka shina, au choma mara ya kwanza udongo ukiwa na unyevu.

5. Fuata moshi kwenye ramani

Watu wanaogopa moto, ila kwa Florida mimi naogopa moshi zaidi. Januari 2012 pale Paynes Prairie karibu na Gainesville, moshi wa moto wa porini ulichanganyika na ukungu usiku juu ya barabara kuu ya Interstate 75, magari yakagongana, watu 11 wakafa. Ule haukuwa uchomaji wa kupangwa, lakini moshi hauulizi nani kauwasha.

Kwahiyo chukua ramani, weka penseli kwenye eneo lako, chora mstari unakoelekea upepo na uupanue kama pembe kila upande. Hospitali, shule, uwanja wa ndege, nyumba ya wazee, barabara kuu, ukikuta chochote humo, badilisha mwelekeo wa upepo unaoutaka. Florida Forest Service wana zana ya bure mtandaoni inayochora hilo. Halafu fikiria usiku: moshi uliobaki unashuka mabondeni na kufuata mito kwenda barabarani. Panga umalize mapema mchana ili hewa bado inapanda.

6. Waambie majirani

Sheria haikulazimishi kumgongea kila mtu mlango. Gonga tu. Kuna mtu ana pumu, kuna mtu ana farasi, kuna mama kaanika nguo. Wengi wanaopiga 911 ni ambao hawakuambiwa.

7. Asubuhi yenyewe: hali ya hewa, kisha kibali

Kibali ni cha siku hiyo hiyo, hakiombwi wiki moja kabla. Unaamka, unasoma utabiri wa hali ya hewa wa moto wa National Weather Service, unaangalia upepo wa chini, upepo wa juu unaobeba moshi, urefu ambao moshi utapanda, na kipimo cha kutawanyika kwa moshi. Hicho kipimo kikiwa 41 hadi 60 ni kizuri, kikipanda sana juu ya 100 usifurahi, maana yake moto nao utakuwa mkali. Angalia na kipimo cha ukame cha Keetch-Byram, kinaanzia 0 mpaka 800, kikiwa juu udongo wenyewe unaungua.

Ndo unapiga simu ofisi ya wilaya ya Florida Forest Service, au unaomba mtandaoni. Watakuuliza: jina, simu, namba ya cheti, mahali hasa, ekari ngapi, unachoma nini, utaanza saa ngapi. Jibu kwa uhakika. Ukianza "eeh nadhani kama ekari ishirini hivi" afisa anajua hujajiandaa. Wakikubali unapewa namba ya kibali, iandike juu ya mpango pamoja na saa. Wakikataa, umekataliwa, usibembeleze. Na wanaweza kukifuta mchana hewa ikibadilika, kwahiyo simu iwe karibu.

8. Kikao cha watu, halafu moto wa majaribio

Kila mtu ajue mipaka, anafanya nini, atakimbilia wapi. Sehemu salama ni ile iliyoshaungua au udongo mtupu, sio gari lililoegeshwa kwenye nyasi ndefu (egesha kichwa cha gari kikitazama barabarani, funguo ndani).

Halafu washa kipande kidogo kwenye kona ya upande upepo unakoelekea, ndani ya mpaka. Simama utazame dakika kadhaa. Moshi unapanda au unalala? Miali ina urefu ulioandika? Kama hapana, zima, rudini nyumbani. Hii sehemu ndo wageni wanaruka wakidhani ni sherehe tu.

9. Washa kurudi dhidi ya upepo

Anza na moto unaotembea kinyume na upepo, kutoka kwenye njia ya kuzuia ya upande unakoelekea upepo. Ni wa polepole, unaboa, unaweza kuchukua nusu siku, ila ndo unaokutengenezea ukanda mweusi mpana, yaani ulioshaungua. Ukanda ukishakuwa mpana ndo msimamizi anaweza kuwasha mistari mifupi mifupi inayokwenda na upepo kuingia kwenye weusi. Mtu mmoja au wawili kazi yao ni kutembea nje ya mpaka wakiangalia cheche, hao hawageuki kupiga picha.

10. Kuzima na kuweka karatasi

Msimamizi haondoki mpaka uchomaji ukamilike, kisheria ni pale hakuna miali inayosambaa. Mimi naongeza: visiki na miti mikavu iliyo karibu na mpaka vimwagiwe maji, koroga na udongo, gusa kwa mgongo wa mkono bila glavu. Rudi jioni, rudi kesho yake, rudi hasa siku upepo ukibadilika.

Mpango, namba ya kibali, vipimo vya hewa ulivyoandika kila saa, picha za njia za kuzuia moto kabla na baada, vyote faili moja.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuchoma Jumamosi kwa sababu ndo siku ya mapumziko, wakati hewa nzuri ilikuwa Jumatano. Kuongeza ekari katikati ya kazi kwa sababu "moto umekubali", hapo umetoka nje ya kibali. Kumkodi mwenye cheti halafu yeye anaondoka kwenda kazi nyingine anawaachia vijana: asipokuwepo pale, cheti hakikulindi. Kudhani bima ya nyumba inahusika. Muulize wakala na akujibu kwa maandishi. Na kunakili huu mwongozo ukiwa jimbo lingine. Georgia wana sheria yao, Texas wasimamizi wao lazima wawe na bima, California sheria yao ya SB 332 ya mwaka 2021 iliondoa gharama za kuzima moto kama hakuna uzembe mkubwa na wakaweka mfuko wa dola milioni 20 wa kufidia hasara, ila masharti yao ni mengine. Na moto unaowashwa na serikali ya shirikisho kwenye ardhi yake, kama ule wa New Mexico wa 2022 uliotoroka, hauingii kwenye kinga hizi za majimbo.

Mambo yakienda kombo

*Moto hautaki kushika.* Unyevu uko juu, subiri saa moja au mbili jua likaushe. Usimwage mafuta zaidi.

*Upepo umegeuka.* Acheni kuwasha mara moja, wote waende kwenye mpaka ambao upepo unauelekea sasa, msimamizi aamue kumalizia au kuzima. Piga simu ofisi ya wilaya uwaambie.

*Cheche imevuka.* Wawili wanaikimbilia na maji na reki, wengine WANABAKI kwenye mstari. Kama hamjaidhibiti ndani ya dakika chache piga 911 na Florida Forest Service, usione aibu, kuchelewa kupiga simu ndo kunakofanya uzembe wa kawaida uonekane mkubwa.

*Moshi umelala barabarani.* Pigia sherifu aweke alama au afunge njia, zima kinachofuka upande ule kwanza.

*Afisa amekunyima kibali mara ya tatu.* Muulize ni kipimo gani kinakwama. Mara nyingi ni upepo wa kaskazini magharibi unaohitajika baada ya hewa baridi kupita, na huo unakuja siku mbili tatu tu kwa wakati. Watu wako wawe tayari kuitwa usiku kwa ajili ya kesho.